Ngazi za nyumba za kale Lamu, zikague kabla hazijaangusha mtu

Jamani ngazi zetu za mji wa kale ziko wima, nyembamba na giza, na bibi zetu ndo wanazipanda kila siku, kwa hivo hili tusilichukulie poa.

Chukua tochi na nyundo ndogo, gonga kidato kimoja kimoja. Ukisikia sauti ya uwazi jua lipu imeachia ndani. Sasa hapa ndo watu wanakosea, wanakimbilia simiti! Jiwe la matumbawe, lile lililojengea nyumba hizi, linapumua, simiti inafungia unyevu na chumvi ndani alafu baada ya muda lipu inabanduka na jiwe lenyewe linaanza kuliwa. Banja ile mbovu yote, lowesha jiwe, piga chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga usiwe wa ufuoni, una chumvi. Alafu usiwache ikauke haraka, ifunike gunia bichi siku kadhaa, fundi akikwambia si lazima usikubali.

Kama chini kuna boriti zidunge na bisibisi, ikizama kirahisi mchwa wameshamaliza kazi, ita fundi na watu wasipite hapo.

Ukingo wa kila kidato upake chokaa nyeupe wazee waone wanapokanyaga. Kamba nene ya kushikia ukutani, taa yenye swichi juu na chini. Ngazi inayotokea kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ikiota ukijani wakati wa mvua isugue na brashi ngumu, inateleza vibaya mno. Na ndoo na viatu vitoke hapo, tafadhali.