Jinsi ya kutengeneza matabaka ya mwamba kwenye kopo, afu ukayasome ya Olduvai

Tafuta kopo la plastiki lenye mdomo mpana ambalo unaona mpaka ndani, tia changarawe kidogo, mchanga, na udongo wa mfinyanzi uliosagwa, jaza maji, funga, tikisa kwelikweli afu weka mezani usiliguse tena. Changarawe inashuka papo hapo, mchanga unafuata, ila huo udongo laini utakuchosha, maji yanaweza kubaki na tope hadi kesho yake. Kama una haraka tia kijiko cha chumvi kabla ya kutikisa, chembe za udongo zinashikana zinashuka fasta, ndo hichohicho kinachotokea mto wenye tope ukikutana na bahari.

Sasa wengi wakiona kokoto chini na tope juu wanasema tayari nina matabaka matatu. Hapana aisee, hilo ni moja tu, kama furiko moja lililopita likatulia. Ili upate la pili lazima kitu kibadilike, kwa hiyo mwaga maji polepole, nyunyizia jivu la jikoni lililochekechwa (hapo volkano imelipuka), afu mimina mchanga mwekundu na maji taratibu usije ukavuruga la chini. Huo mstari unaouona katikati ndo habari yenyewe, maana kwenye mwamba wa kweli ni pale ziwa lilipokauka, mto ulipohama au jivu lilipoanguka.

Bado ni tope lakini. Huko ardhini uzito wa matabaka ya juu unakamua maji, na maji yanayopenya kati ya chembe yanaacha chokaa au silika (madini yanayotengenezea kioo) inayozigundisha. Nyumbani we danganya tu, rudia kwa mchanga mkavu wa rangi tofauti uliochanganywa na saruji kidogo, lowesha, acha siku mbili tatu, kata kopo. Vaa glavu, saruji inababua.

Ukifika Korongo la Olduvai kule Ngorongoro anza kusoma chini kwenda juu, la chini ndo kongwe. Chini kuna lava nyeusi, juu yake Tabaka la Kwanza, yaani tope la ziwa la kale la maji ya chumvi limepishana na majivu ya volkano za jirani. Humo ndo mtafiti Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, na umri wake ulipatikana kwa kupima jivu, sio fuvu lenyewe, ikatoka kama miaka milioni 1.75. La Tatu ni jekundu, hata ukiwa juu kabisa utalijua. Korongo lenyewe la juzijuzi tu, mto umekuja kukata baadaye sana.

Na ukikuta tabaka limekatika ghafla, mwenzake yuko chini zaidi upande wa pili, ujue hapo ardhi ilipasuka ikadidimia, usilihesabu mara mbili.