SOMO: Kuchagua kaliba ndogo (saizi ya mtutu na risasi yake) kwa wanyama wasumbufu wa shamba, na lini ujaze maganda ya risasi mwenyewe

Somo hili ni la wenye leseni. Bunduki iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na ngedere au mbweha anayekula mali yako bado ni mnyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Pita kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kujaza upya maganda yaliyotumika nako ni kutengeneza risasi. Usiguse baruti kabla polisi hawajakupa kibali.

Hatua ya 1: tazama kilicho nyuma ya shabaha. Huku kwetu Mwanza hili ndilo linaloamua kaliba. Shamba la Magu au Ukerewe limezungukwa na mawe ya itale, na pasipo na mawe pana ziwa. .22 LR ina kichwa cha risasi kizito kwa mwendo wake (uzito wa greni 40, yaani kama gramu 2.6, mwendo kama mita 330 hadi 380 kwa sekunde), kwa hiyo kikigonga jiwe au maji kwa mshazari hakivunjiki, kinaruka. Kinaweza kufika zaidi ya kilomita 1.5, na kwenye maji huko ndiko wavuvi walipo. .223 yenye kichwa chepesi cha kupasuka huelekea kusambaratika kikigusa kitu kigumu. Huelekea tu: usifyatue kuelekea jiwe tupu wala ziwani kwa kaliba yoyote. Tafuta kichuguu, au panda juu upige kwenda chini udongoni.

Hatua ya 2: umbali.
Mpaka mita 60 hivi, .22 LR inatosha kwa sungura na panya buku. Ukiseti darubini ipige sawasawa mita 50, kwenye mita 100 risasi imeshashuka sentimita 15 hadi 20, na upepo wa ziwa wa mchana unaisukuma vibaya.
.17 HMR, greni 17, karibu mita 777 kwa sekunde: imenyooka, lakini upepo unaichezea.
.22 Hornet, greni 35 hadi 45: mpaka mita 150 bila kelele nyingi.
.223 Remington, greni 55, karibu mita 990 kwa sekunde: iseti mita 200, kwenye mita 100 itapiga kama sentimita 4 juu.
.22-250 ni nzuri, ila inakula mtutu, na kwa mashamba yetu ya ekari 3 ni nguvu ya kupoteza.

Kabla ya kulipia bunduki, ulizia dukani risasi zipi zinapatikana mwaka mzima. Kaliba nzuri isiyo na risasi ni mpini wa jembe.

Hatua ya 3: pima msokoto wa mtutu, yaani inchi ambazo mifereji ya ndani inatumia kuzungusha risasi mara moja. Watu wengi hulaumu darubini wakati kosa liko hapa. Hakikisha bunduki ni tupu, toa bolti. Funga kitambaa kinachobana kwenye fito ya kusafishia ambayo mpini wake unazunguka, isukume ndani kidogo, tia alama ya kalamu juu ya fito. Sukuma polepole mpaka alama imalize mzunguko mmoja, kisha pima fito iliyoingia. Kwa .223, inchi 12 inashika vichwa mpaka greni 55. Inchi 9 inakwenda mpaka karibu 69. Hornet nyingi ni inchi 16, ukiipa kichwa kirefu kinayumba na tundu kwenye karatasi ya shabaha linatokea la ubavu.

Hatua ya 4: kujaza maganda. .22 LR na .17 HMR hazijazwi, fataki yake (kinachowasha baruti) iko ndani ya ukingo wa ganda. Kwa .223: kagua ganda, lisafishe, lipake mafuta kiduchu (yakizidi, bega la ganda linabonyea), lipitishe kwenye dai (kalibu ya chuma inayolirudishia umbo), kisha pima urefu. Likizidi milimita 44.70, likate hadi 44.45, la sivyo mdomo unabanwa kwenye chemba (sehemu ya mtutu risasi inapokaa) na presha inapanda. Fataki ikae chini kidogo ya kitako. Kipimo cha baruti kitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo hiyo, uanzie kipimo cha chini. Risasi nzima isizidi milimita 57.40. Kopo la baruti mezani liwe moja tu.

MASWALI

Mkuu, nina maganda yametumika mara nyingi. Nitajuaje yamechoka?
Tazama juu kidogo ya kitako. Ukiona mstari unaong'aa umezunguka ganda, ingiza waya uliopindwa ncha, ukwangue kwa ndani. Ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo linataka kukatika. Libonde kwa koleo, lisirudi kwenye boksi.

Kaka, risasi za 5.56 si ndiyo hizo hizo .223?
Hapana. Zinafanana kwa macho, ila 5.56 ni ya kijeshi, na kwenye chemba ya .223 presha inaweza kupita kiasi. Halafu kukutwa nayo ni kesi nyingine.

Mimi napiga boksi 2 kwa mwaka, ninunue mashine ya kujazia?
Usinunue. Mashine, dai na mizani hazitarudi kwa boksi 2.

Nguruwe pori wanamaliza mihogo Sengerema, .223 itawatosha?
Haifai. Kichwa cha kupasuka kinaishia begani, mnyama anakimbia na jeraha, na nguruwe mwenye jeraha anarudi na meno. Omba askari wa wanyamapori waje.

Bunduki inashika kutu kila masika.
Usiilaze kwenye mfuko wake wa ngozi au kitambaa, unanyonya unyevu wa ziwa. Itoe, ipake mafuta kidogo, ifungie kwenye sefu. Na risasi zisiachwe juu ya dashibodi ya gari juani.