Kumkamata kantangaze mapema kwenye nyanya za uani

Kwa wanaopanda nyanya uani hapa Mtwara baada ya mvua kukatika, ni vyema majani yakaguliwe kila asubuhi, kwa kuwa kiwavi wa kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia nyanya, huanza kwa kuchimba kijia cheupe ndani ya jani, na ukiliinua jani hilo kuelekea juani utamwona amelala humo, kinyesi cheusi kikiwa nyuma yake. Jani hilo lichumwe na litumbukizwe kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ukilitupa chini ya shina, kiwavi huingia udongoni na kurudi akiwa nondo.

Salfa ya mikorosho, ambayo wengi wetu hatuikosi stoo, ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, na haimgusi kiwavi aliyejificha ndani ya jani. Mwarobaini ndio unaofaa zaidi: twanga mbegu zilizokauka, loweka gramu 50 kwa kila lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, kisha nyunyiza jioni, maana jua huidhoofisha dawa hiyo upesi. Rudia kila baada ya siku saba, na biringanya za jirani nazo zikaguliwe, kwani huyu mdudu huzila vilevile.