Jinsi ya kuanza kukusanya noti za Biafra, na kwa nini uanze na noti ya Nigeria

Nina noti tano za Biafra, nchi iliyojitenga na Nigeria mwaka 1967, kwenye albamu na moja niliyoiua kwa mkono wangu mwenyewe, hiyo nitaieleza chini. Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza leo, mwenye fedha kidogo na subira ya kutosha.

Hatua ya 1: Tafuta kwanza noti mbili za Nigeria

Wengi hukimbilia noti yenye neno Biafra. Mimi nakushauri uanze na jozi ya noti za Nigeria zenye thamani moja, ya toleo la 1967 na ya toleo la 1968, uzilaze mezani ubavu kwa ubavu. Utaona michoro ni ile ile, jengo la Benki Kuu kule Lagos ni lile lile, ila rangi zimebadilishwa. Hapo ndipo kisa kilipo.

Odumegwu Ojukwu, gavana wa kijeshi wa mashariki mwa Nigeria, alitangaza uhuru wa Biafra tarehe 30 Mei 1967, na risasi zikaanza kulia Julai. Miezi ya mwanzo, pande mbili zinazopigana zilikuwa zikinunua chumvi kwa noti zile zile. Januari 1968 serikali ya Nigeria kule Lagos ikabadili rangi za fedha yake na kutangaza kwamba za zamani mwisho wake ni tarehe 22. Ukiwa Biafra, nyuma ya mstari wa mbele, utazibadilishia benki gani? Fedha iliyokuwa sandukuni ikaanza kugeuka karatasi bila hata bunduki kulia. Siku saba baadaye, tarehe 29, Biafra ikatoa noti zake: shilingi 5 na pauni 1.

Bila ile jozi ya Nigeria, noti ya Biafra ni picha ya mnazi tu. (Na si mnazi, ni mchikichi. Mtu wa pwani ataudhika kwa kosa hilo, na mtu wa Kigoma ataudhika zaidi.)

Hatua ya 2: Jifunze jua dogo na jua kubwa

Kuna matoleo mawili, na noti hazina mwaka juu yake, kwa hiyo muuzaji anaweza kukwambia lolote. Angalia upande wa kushoto. Toleo la kwanza lina mchikichi na jua dogo linalochomoza. Toleo la pili, lililotoka 1969, lina mchikichi ule ule lakini jua ni kubwa. Ukishaliona mara moja hutalisahau.

Toleo la pili lina noti tano: shilingi 5, shilingi 10, pauni 1, pauni 5 na pauni 10. Pauni ni shilingi 20, hesabu ambayo wazee wetu waliotumia fedha ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa. Kwenye katalogi ya Pick, orodha ya noti za dunia inayotumiwa na wakusanyaji, toleo la kwanza ni namba 1 na 2, la pili ni 3 hadi 7. Andika namba hizo kwenye simu yako, ndizo lugha ya wauzaji duniani kote.

Nilipomwonyesha mjomba wangu noti ya kwanza, hakuuliza bei. Alisema, "Hawa tuliwatambua sisi kabla ya wote." Ni kweli: Tanzania ndiyo nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968. Zambia, Gabon na Ivory Coast zilifuata Mei.

Hatua ya 3: Soma namba

Pauni 1 ya jua kubwa ndiyo noti ya Biafra inayopatikana kwa urahisi kuliko zote. Baada ya vita zilikuwa zikiuzwa kama kumbukumbu tu. Nyingine hazina namba kabisa. Muuzaji atakwambia ni kosa la kiwandani, adimu mno. Si kosa. Ni noti ambazo hazikumaliziwa, zinajulikana, na zina nafasi yake kwenye katalogi. Lipa bei ya noti ya kawaida au mwache nayo.

Hatua ya 4: Lenzi

Nunua lenzi ya kukuza mara kumi. Chini yake, mstari wa noti halisi ni mstari, una mwanzo na mwisho. Kopi ya printa huvunjika kuwa vidoti vya rangi, kama vumbi la pilipili lililomwagika. Picha ya mtandaoni haitoshi, mwombe muuzaji apige picha ya karibu ya miale ya jua na ya namba.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kununua

Pauni 1 ya jua kubwa kwanza, uzoee karatasi. Kisha pauni 1 ya jua dogo, halafu shilingi. Pauni 5 na 10 ziache mwisho, maana ni adimu sana na ndizo zitakazokukomba mfuko.

Soko hupenda noti mbichi isiyo na mkunjo. Mimi siwezi kulipinga soko, lakini ninayoipenda kuliko zote ni shilingi 5 yangu iliyochakaa. Ina mikunjo inayoigawa vipande vinane, kiasi cha kufungika kwenye pindo la kanga, na pembe moja imelainika kama kitambaa. Hiyo ilifanya kazi. Vita vilipokwisha Januari 1970, noti kama hiyo ikawa karatasi tu: mwenye akaunti benki alipewa pauni 20 za Nigeria, awe aliweka mia au maelfu.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Usiioshe. Usiipige pasi. Usiibandike gundi wala selotepu. Na usiipeleke steshenari ikapigwe leminesheni, kama nilivyofanya mimi na pauni yangu ya kwanza. Kijana alinitazama akauliza, "Una uhakika, kaka?" Nikamwambia piga. Ilitoka inang'aa, na ndani ya mwaka ikawa na viputo, thamani yake ikawa sifuri.

Tumia mifuko ya poliesta. Epuka ile plastiki laini inayonuka, maana joto la Dar huifanya itoe jasho linalonata kwenye karatasi. Albamu isimame kabatini, mbali na ukuta wenye unyevu, na ndani uweke vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Vibadilishe kila masika.

Nyuma ya kila mfuko weka kadi: namba ya Pick, tarehe uliyonunua, bei, na umenunua kwa nani. Andika kwa penseli, na uandike kabla hujaiingiza kadi mfukoni, usije ukaandikia juu ya noti.