Unahamia Kitui? Yashughulikie haya kabla ya Oktoba

Barua ya uhamisho ikikufikia na imeandikwa Kitui, kaunti kame ya mashariki mwa Kenya, kitu cha kwanza kuacha nyuma ni kalenda ya kwenu. Kama umelelewa Kakamega au Nyeri, umezoea kungoja Machi ndipo ushike jembe. Huku mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Masika nayo huja, lakini mara nyingi ni haba na hukatika mahindi yakiwa ya magotini. Kwa hiyo Septemba, vumbi likiwa bado linapeperuka, ndio mwezi wako wa kazi.

Shamba litayarishwe likiwa kavu. Wenyeji wengi hutia mbegu ardhini kabla ya tone la kwanza, kwa sababu ukisubiri inyeshe ndipo uanze kutafuta ng'ombe wa kulima, msimu wenyewe ni wa wiki chache na utakuwa umekupita. Usije na mbegu za nyanda za juu zinazokaa shambani nusu mwaka. Nunua zinazowahi kukomaa, kama mahindi ya Katumani, na usiweke tumaini lote kwenye mahindi: panda ndengu, kunde, mtama na mbaazi. Kama umepangiwa kusini, Mutomo au Ikutha, usifuate ushauri wa mtu wa Kitui mjini. Yeye yuko kwenye vilima, anapata mvua ambayo wewe hutaiona.

Maji. Tana iko mpakani kaskazini, Athi iko magharibi, na mito mingine karibu yote hukauka. Tangi na mifereji ya paa iwe tayari mapema. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo bati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20 linakupa karibu lita 1,000. Nimeona tangi kubwa limesimama tupu Novemba nzima kwa kukosa kipande kimoja cha mfereji, mwenyewe ananunua maji ya punda kwa mtungi. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, usiiingize tangini.

Neti, lazima. Sweta ya Julai, ndiyo, asubuhi kuna baridi. Viatu vya mpira na tochi, kwa sababu nyoka hutembea mvua ikianza.

Sasa mto, na hapa soma polepole. Tiva, Thua, Enziu na vijito vyake, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Watu wanapita kwa miguu, punda wanashuka na mitungi, akina mama wanachimba mchangani kuteka maji. Ukikaa miezi miwili unasahau kwamba ule ni mto. Kisha inanyesha vilimani, mbali na ulipo, juu ya udongo mgumu ulioachwa wazi na kiangazi. Maji hayapenyi, yote yanakimbilia mtoni kwa pamoja. Wewe uko huku chini, jua linawaka, hujaona hata wingu.

Novemba moja nilikuwa ukingoni mwa kijito kimoja kinachoingia Thua. Mwalimu mgeni, binti wa kutoka magharibi, alikuwa akienda kuripoti shuleni. Bodaboda ikamfikisha katikati, tairi la nyuma likazama. Kijana akashuka kusukuma, mwalimu akasimama kando amekumbatia begi la vyeti. Mzee aliyekuwa akinywesha mbuzi ng'ambo akapiga mbinja, akaanza kupunga fimbo. "Mwalimu, toka! Achaneni na hiyo pikipiki, tokeni!" Kijana alidhani anaharakishwa tu, akaendelea kusukuma. Tulisikia kabla ya kuona, mngurumo kama wa lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Ndipo likaja povu la hudhurungi, limebeba vijiti na mavi ya mbuzi, linatambaa juu ya mchanga, kina chake hakifiki kifundo cha mguu. Hilo ndilo linalodanganya watu. Nyuma yake maji yalikuwa ya magoti, na kufumba na kufumbua yakawa ya kiuno. Mzee alimvuta mwalimu kwa fimbo, begi likaenda. Kijana alikuwa ameshatoka, lakini pikipiki ilikuwa ya mkopo, akairudia. Tulimpata jioni, mbali huko chini, amenasa kwenye mgunga, hai, mguu umevunjika. Pikipiki ilifukuliwa mchangani Januari.

Huyo alipona. Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu watu wakitazama. Walikufa zaidi ya 30.

Basi fanya hivi. Usisimame mtoni, hata kupokea simu. Kabla ya kuvuka, uliza kama kumenyesha juu, na utazame vilima vilivyo upande maji yanakotoka, usitazame anga la kichwani pako. Ukikuta maji, ngoja; mito hii hujaa haraka na mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Usifuate lori eti kwa kuwa limepita. Na maji yakishapungua, mchanga hubaki laini kwa siku kadhaa, na zege la kivuko linaweza kuwa limechimbwa chini. Mwenyeji atangulie kwa mguu na fimbo, gari lifuate.

Mavuno nayo yana hatari yake. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, na 125 wakafa, kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Usianike kwenye udongo mtupu, tandika turubai. Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa: chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Yakiota ukungu, usiyape kuku wala usiyasage uji.

Sikiliza utabiri wa msimu unaotolewa kabla ya vuli. Vuli ya huku inaongozwa na joto la Bahari ya Hindi na hali ya Pasifiki. Mwaka wa El Niño, kama 1997 au 2023, mara nyingi ni mafuriko. La Niña huleta ukame, na kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli. Utabiri ukisema mvua ni chache, uza mbuzi mapema, wakiwa bado na nyama.

Mengine ni ya kawaida. Funga bati vizuri, upepo wa kwanza wa msimu ni mkali. Weka unga na dawa za wiki mbili ndani, chaji simu mawingu yakikusanyika, usijikinge chini ya mti kukiwa na radi. Na kabla ya kulipa kodi ya nyumba, uliza zahanati iko upande gani wa mto.