Kabla hujafomati laptopu, soma jina lililo chini ya tangazo

Jumatatu mwalimu mmoja aliingia steshenari kwangu hapa Msamvu, laptopu kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. "Dada, imeingiwa na virusi." Fundi alishamwambia apeleke elfu thelathini apigiwe Windows mpya. Kilichomtoa nyumbani hasa ni aibu: alikuwa anafundisha kwa projekta, kidato cha tatu kimetulia, mara kona ya chini kulia ikachomoza picha ya dada aliyevaa nusu, eti yuko karibu naye na anamsubiri.

Nikamwambia aiwashe, nami nimalize kutoa kopi. Hazikupita dakika mbili vikaanza: "Virusi 5 vimepatikana!" "Ulinzi wako umekwisha leo!" Vyekundu vyote. Ukiviona vya namna hiyo usibonyeze kitu ndani yake, hata kitufe kilichoandikwa "Cancel", maana mara nyingi vitufe vyote vinakupeleka kulekule. Soma kwanza maandishi madogo yaliyofifia. Yakitaja Chrome au Edge, yaani programu unazoingilia intaneti, pamoja na jina la tovuti usiyoijua, anayepiga kelele ni tovuti, na ruhusa uliitoa mwenyewe.

Uliitoa lini? Usiku ule ulipotafuta mpira wa bure au filamu, ukaambiwa "bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti". Hakuna jaribio la kweli la roboti linalohitaji ruhusa ya kukutumia arifa, yaani hivyo vijitangazo vinavyochomoza. Chrome ilianza kupokea arifa hizi mwaka 2015, ili tovuti ikufikie hata ukiwa umefunga ukurasa wake. Matapeli wakaona mlango.

Kuzikata ni rahisi. Kwenye Chrome, pale unapoandika anwani, andika chrome://settings/content/notifications kisha Enter. Shuka hadi orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ya mwalimu ilikuwa na kumi na moja, na aliyoitambua ni moja tu. Bonyeza vidoti vitatu pembeni ya kila jina, uchague "Block". Wengi huchagua "Remove". Hiyo inafuta jina tu, na ukirudi pale tovuti inaweza kukuomba tena. Halafu panda juu, uchague tovuti zisiruhusiwe kutuma arifa kabisa. Mimi nimeweka hivyo miaka yote na sijakosa habari yoyote ya maana. Wa Edge waanze na edge:// badala ya chrome://, mengine yanafanana.

Kama jina unalolisoma ni la programu, basi ni hadithi nyingine: printa inayokukumbusha wino, au antivairasi ya majaribio iliyokuja na laptopu mpya, inayolilia hela kila asubuhi. Shika kitufe cha Windows pamoja na I, ingia System, kisha Notifications, uzime jina lake. Ili isijiwashe yenyewe, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda sehemu ya Startup, uchague "Disable". Antivairasi ya majaribio iliyoisha muda ni heri uiondoe kabisa, kwani ikishatoka, ulinzi wa Windows wenyewe huchukua nafasi. Ila arifa zenye jina la Windows Security usizizime, hizo ndizo za kusikiliza.

Kuna lile tangazo linalojaza kioo kizima, linapiga king'ora na kukupa namba ya simu. Usipige. Shikilia Esc kwa muda, kisha Alt+F4. Likigoma, Ctrl+Shift+Esc, chagua Chrome, "End task". Ukifungua tena na Chrome ikauliza kama irudishe kurasa zako, kataa.

Walimu na wachungaji wenye projekta: kwenye Windows 11, kabla ya kuunganisha waya, washa "Do not disturb" palepale kwenye Notifications. Kwenye Windows 10 inaitwa "Focus assist".

Ukishamaliza, zima laptopu, iwashe, uiache dakika kumi. Kikichomoza tena kitu, andika chrome://extensions uone vidude vilivyojibandika kwenye Chrome. Kwa mwalimu tulikikuta kimoja, cha kugeuza PDF, ambacho hakumbuki kukiweka. Tukakitoa, akalipia kopi zake, na jioni akaniletea laptopu ya mkewe.