Jinsi ya Kuunganisha Ufundi wa Magari na Masomo ya Biashara katika Chuo cha Jamii Nchini Marekani

Mhamiaji anayefika Marekani akiwa tayari ameshazoea kushika spana hupewa na ndugu na jamaa ushauri wa aina mbili: aingie gereji mara moja alipwe mshahara, au asome biashara ili siku moja afungue gereji yake. Chuo cha jamii, yaani chuo cha umma kinachotoa vyeti vifupi pamoja na shahada za miaka miwili, kinamwezesha kufuata njia zote mbili, mradi ajue aanze na lipi. Kwa maoni yangu ufundi wa magari ndio uwe programu kuu, na masomo ya biashara yachukuliwe machache yaliyochaguliwa kwa makini, badala ya kuhangaika na shahada mbili kwa wakati mmoja.

Kuingia chuoni si kugumu. Mwenye cheti cha sekondari, awe alikipata Bukavu, Kigoma au Nairobi, anaweza kupokelewa, na asiye nacho anaweza kufanya GED, mtihani unaotambuliwa badala ya cheti cha sekondari, ambao vyuo vingi huutolea madarasa ya maandalizi. Cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa huenda kikahitaji kutafsiriwa na kutathminiwa, kwa hiyo kazi hiyo ianze miezi kadhaa kabla ya muhula. Atakayepangiwa madarasa ya Kiingereza baada ya mtihani wa kumpima asikate tamaa. Amwulize mshauri wa masomo kama anaweza kuanza somo moja la karakana huku akiendelea na lugha, kwani vyuo vingine huruhusu. Leseni ya udereva nayo aishughulikie mapema, kwa sababu mafunzo haya humtaka mwanafunzi ayaendeshe magari anayoyatengeneza.

Kuhusu ada, fomu ya kwanza ni FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, inayojazwa bure katika tovuti ya serikali ya studentaid.gov, na hakuna sababu ya kumlipa mtu yeyote aijaze kwa niaba yako. Fomu hiyo ndiyo inayoonyesha kama mwanafunzi anastahili Pell Grant, msaada wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo ambao kwa kawaida haurudishwi. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kuomba, ilhali mwenye viza ya mwanafunzi hastahili. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi aende na hati zake katika ofisi ya misaada ya fedha ya chuo ili apate jibu la uhakika. Hapo hapo aulize kama cheti anachokitaka kinagharimiwa na msaada huo, kwa sababu si kila kozi fupi inakubalika. Aulize pia masharti ya ukaazi, kwa kuwa mkazi wa wilaya ya chuo au wa jimbo hulipa kidogo kuliko anayetoka jimbo jingine.

Katika kuchagua programu ya magari, swali la maana kuliko yote ni kama imeidhinishwa na ASE Education Foundation. Chombo hicho kinahusiana na ASE, taasisi ya kuthibitisha ujuzi wa mafundi wa magari iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo vyeti vyake ndivyo waajiri wengi huviulizia. Mitihani ya magari madogo ya A1 hadi A8 inahusu injini, giaboksi ya otomatiki, giaboksi ya mkono na ekseli, saspensheni na usukani, breki, umeme, kiyoyozi, na utendaji wa injini. Anayefaulu yote minane na kutimiza sharti la uzoefu hutambuliwa kuwa fundi mkuu. Uzoefu unaotakiwa ni miaka 2 ya kazi, lakini mafunzo ya chuo yanaweza kuchukua nafasi ya mwaka mmoja, na hapo ndipo fundi mzoefu wa gereji za mtaani anapoona faida ya kukaa darasani. Vyeti hivyo huhuishwa kila baada ya miaka 5. Atakayelipwa kwa kutengeneza kiyoyozi cha gari anahitaji zaidi ya hivyo: sheria ya hewa safi, kifungu cha 609, inamtaka awe na cheti cha kushughulikia gesi ya kupozea iliyomo ndani yake.

Gharama inayowashtua wengi ni zana. Fundi wa Marekani hutarajiwa kuwa na zana zake mwenyewe, na vyuo vingi humtaka mwanafunzi anunue seti ya mwanzo. Asinunue kabla ya kupewa orodha ya chuo, na aulize punguzo la bei kwa wanafunzi.

Sasa masomo ya biashara. Mtu asiyetaka kuwa mhasibu hahitaji programu nzima. Uhasibu wa msingi, sheria za biashara na usimamizi wa biashara ndogo vinatosha kuanzia, na uhasibu uje kwanza. Gereji nyingi humlipa fundi kwa saa zilizokadiriwa katika kitabu cha makadirio ya muda wa kila kazi, si kwa saa alizotumia: kazi ya breki iliyokadiriwa saa 2 hulipwa saa 2 hata kama ilimchukua 3. Anayeelewa hesabu hiyo hujua mapema kama ofa ya mshahara ni nzuri, na siku akiwa mwenye gereji atajua jinsi ya kutenganisha bei ya spea na bei ya kazi, jambo lenye uzito kwa kuwa kodi ya mauzo kwa viwili hivyo hutofautiana jimbo kwa jimbo.

Kabla ya kujisajili, asome jina la shahada yenyewe. Shahada ya AAS, yaani ya miaka miwili ya sayansi tumizi, imeandaliwa kwa ajili ya ajira, na krediti zake nyingi (vipimo vya masomo yaliyokamilishwa) huenda zisikubaliwe katika chuo kikuu cha miaka minne, ilhali AA na AS, za sanaa na za sayansi, zimekusudiwa kuhamishiwa huko. Mwenye ndoto ya shahada ya kwanza ya biashara aombe aonyeshwe makubaliano ya maandishi kati ya chuo chake na chuo kikuu anachokitaka.

Sheria za leseni za mafundi na gereji nazo hazifanani jimbo kwa jimbo: Michigan humtaka fundi athibitishwe na jimbo, na California huitaka gereji isajiliwe. Maswali ya namna hiyo yanaweza kupelekwa katika kituo cha maendeleo ya biashara ndogo, SBDC, ambacho mara nyingine huwa ndani ya chuo cha jamii chenyewe na hutoa ushauri bila malipo. Atakayekwenda huko afike na makadirio ya kodi ya pango la jengo, bei ya mashine ya kunyanyulia magari na gharama ya bima, kwa sababu mazungumzo yataanzia hapo.